Nimevunjika mfupa wa unyayo nikiwa na raba za soli nyembamba, nirudi nazo au niachane nazo?

Shikamoo kocha,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 36 na watoto wawili. Naandika hii nimekaa sebuleni raba zangu ziko mbele yangu sijui nizivae au nizifungie kabatini, naomba univumilie maana ni stori ndefu kidogo.

Nimekulia kule Hanang, shule ilikuwa kama kilomita nne kutoka nyumbani na tulikuwa tunaenda pekupeku, na mara nyingi tunakimbia maana kengele ikigonga hujafika fimbo ilikuwa inakusubiri. Viatu vya kueleweka nimeanza kuvaa sekondari. Sasa Septemba 2025 Alphonce Simbu alivyochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, mtu wa Singida jirani zetu kabisa, Mtanzania wa kwanza, mimi nililia mbele ya tivii kocha. Wiki iliyofuata nikajiunga na grupu la mbio.

Raba nilizipata mtumba, elfu 35, ni nyembamba yaani unaweza kuikunja ukaitia mfukoni, hazina kisigino kabisa, ukikanyaga changarawe unaisikia. Muuzaji akaniambia hizi ndo za mbio za asili, nikasema basi hizi ndo zangu mimi niliyekua pekupeku. Nilianza na kilomita tatu, wiki ya tatu nikawa napiga tisa siku nne kwa wiki na Jumapili kumi na tano, tunatoka Boma Road tunapandisha hadi Rock Garden, lami yote hiyo. Vigimbi viliuma wiki ya kwanza tu vikaacha, pumzi ikaja vizuri sana nikawa naacha hadi vijana nyuma. Na nilikuwa napungua, nimetoka kilo 71 hadi 62, usiku nilikuwa sili nakunywa chai ya tangawizi tu, mpaka sasa naendelea hivyo hivyo ili nisinenepe nikiwa nimekaa. Hata siku zangu hazijaja tangu Oktoba, sio mimba nimepima mara mbili, nadhani ni mawazo ya huu mguu.

Wiki ya tano ndo mguu wa kulia ukaanza kuuma juu ya unyayo, nyuma ya kidole cha pili, nikadhani nimekaza kamba sana. Nikalegeza, ukauma. Nikawa nameza diklofenaki kabla ya kutoka, ikawa inakaa vizuri. Jumapili moja katikati ya novemba kwenye kilomita ya nane nikasikia kama kijiti kimekatika ndani, nikarudi nyumbani na bodaboda. Kwenye zahanati ya kwanza eksirei haikuonyesha kitu wakasema msuli, wiki mbili baadae mguu bado umevimba nikapiga nyingine sehemu nyingine ndo ufa ukaonekana. Nikafungwa hogo wiki nne na magongo juu. Sa hivi hogo limetoka, natembea vizuri, daktari kasema naweza kuanza mazoezi "taratibu" lakini taratibu ndo nini hakusema.

Kwenye grupu nusu wananiambia tupa hizo takataka nunua raba nene, nusu wanasema Mungu alituumba na nyayo tupu na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki pekupeku. Mume wangu yeye hataki kusikia habari ya mbio kabisa. Na mimi nusu marathoni ya Kilimanjaro mwishoni mwa Februari nimeshalipia. Nirudi na zilezile? Na Moshi naweza?

Mwalimu wa Moro

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, pole ya hogo na pole ya zile wiki mbili ulizotembelea mfupa uliopasuka ukiambiwa ni msuli.

Habari ya raba nitakujibu yote, lakini naomba nianze na siku zako. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara narudi kwenye sentensi ile, hazijaja tangu Oktoba, umeiandika haraka ukaendelea na mambo mengine. Mimi sitaendelea. Mwanamke ambaye hajapata siku zake miezi mitatu, kashuka kilo tisa, usiku anakunywa chai tupu, halafu mfupa wake ukapasuka, hayo sio mambo manne tofauti. Mwili ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi inayofanyika unaanza kubana matumizi, na sehemu ya kwanza kufunga ni uzazi, hedhi inasimama. Ikisimama maana yake homoni ya kike imeshuka, na hiyo homoni ndo mlinzi wa mifupa yako. Kwa hiyo ulikuwa unakimbia kilomita hamsini kwa wiki juu ya mifupa isiyo na mlinzi, na sasa unataka ipone bila chakula cha usiku.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu nimeshaona. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha binti mmoja wa mita 3,000, binti ana mguu mwepesi sijawahi kuona, alivunjika mfupa wa muundi, akapona, akavunjika unyayo, akapona, akavunjika tena mguu wa pili. Kila mara tulikuwa tunabadilisha viatu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu hedhi, mimi nikiwa wa kwanza, kocha mwanaume niliona aibu, kumbe binti alikuwa hana siku zake karibu mwaka mzima na alikuwa anajinyima wali ili awe mwepesi. Aliacha mbio ana miaka 21. Tangu hapo nauliza kila mtu, aibu niliimaliza siku ile.

Kwa hiyo kabla hujafunga kamba ya raba yoyote, wiki hii nenda kwa daktari umwambie hayo yote kwa pamoja, ufa, kilo, hedhi, chakula. Usimpe moja moja maana atatibu moja moja. Mwombe akupime damu, aangalie tezi ya thairoidi na vitamini D kama kipimo kipo, maana inawezekana kuna sababu nyingine pia na mimi kwa barua siwezi kuiona. Na leo jioni kula. Ugali, mchicha, dagaa wale wadogo unaowatafuna na mifupa yao, mule ndo kuna kalsiamu, na glasi ya maziwa au mtindi. Usiogope kunenepa ukiwa umepumzika, mfupa unaojengwa unakula.

Haya sasa raba.

Watu wa grupu lako wote wana nusu ya ukweli. Kiatu hakiondoi mzigo, kinauhamisha tu. Raba nene yenye kisigino inakufanya utue kisigino na mzigo mwingi unaishia kwenye goti, raba nyembamba inakufanya utue mbele zaidi na mzigo unaenda kwenye kigimbi, kano ya kisigino na ile mifupa mirefu ya unyayo, na wa nyuma ya kidole cha pili ndo unaoumia sana kwa sababu ni mwembamba na umebanwa hauna pa kukwepea. Chuo cha Brigham Young kule Marekani waliwahi kuchukua wakimbiaji 36, watu waliozoea mbio, 19 wakapewa viatu vya vidole vya soli nyembamba wazoee polepole kwa wiki 10, 17 wakabaki na raba zao. Walivyopigwa picha za emarai (MRI) mwishoni, 10 kati ya wale 19 mifupa ya miguu ilikuwa imeanza kuvimba kwa ndani, upande wa pili mmoja tu. Hao walipewa utaratibu wa kuzoea polepole, wewe ulitoka tatu hadi tisa ndani ya wiki tatu tena juu ya lami.

Na kwa nini uliumia wiki ya tano wakati ya tatu ulikuwa unapaa? Hili watu hawalijui na linawaumiza wengi. Mfupa ukipewa mzigo mpya haujengi tu, unabomoa kwanza. Ni kama fundi anayekarabati ukuta, anatoa matofali yaliyochoka ndo aweke mapya, sasa kati ya kutoa na kuweka kuna wiki kadhaa ukuta una matundu. Pumzi na misuli vinakuja haraka, wiki mbili tatu unajiona simba, unaongeza kilomita, na unaongeza kipindi kilekile mfupa una matundu. Ndo maana mtu anavunjika akiwa kwenye ubora wake kabisa anasema mbona jana nilikuwa sawa. Na diklofenaki ikamalizia kazi, mguu ulikuwa unakuita wewe unaunyamazisha. Hiyo dawa usimeze tena ili ukimbie, kamwe, hata panadol usimeze kwa sababu hiyo.

Utoto wako wa Hanang nauheshimu sana, ulikupa nyayo imara na vidole vilivyotanuka vizuri na hilo litakusaidia baadae, lakini ule mfupa wa mtoto wa miaka kumi umeshabomolewa na kujengwa upya mara kadhaa tangu siku hizo. Mfupa ulionao leo umejengwa na miaka ishirini ya viatu vya kazini na kusimama ubaoni, huo ndo uliokimbia nao. Na waliokua pekupeku hawatui mguu kwa namna moja, mwaka 2010 profesa Daniel Lieberman wa Harvard alionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa Kenya waliokua bila viatu wengi wanatua mbele, dunia ikachangamka, kila mtu akaambiwa atue na vidole. Miaka mitatu baadae wakapimwa Wadaasanach, watu wa kule Ziwa Turkana wasiovaa viatu maisha yao yote, na kwa mwendo wa kawaida wa kwao 72 kwa mia walitua na kisigino. Kwa hiyo usilazimishe miguu itue hivi au vile kwa sababu umeona video, ukilazimisha vidole ndo unaurudishia mfupa uleule kipigo kilekile. Piga hatua fupifupi za haraka kidogo kuliko ulivyozoea, mguu utue chini ya mwili wako usiutupe mbele, unyayo utajipanga wenyewe.

Na Bikila, maana kila mwaka naletewa habari zake. Kweli Roma 1960 alishinda pekupeku kwa 2:15:16. Ila Tokyo 1964 alivaa viatu na soksi, akashinda tena kwa 2:12:11. Wanaokupa ya Roma waambie wamalizie na ya Tokyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, usizitupe lakini usirudi nazo. Unarudi kwenye mbio kwanza, mabadiliko ya kiatu yatakuja baadae, hivi vitu viwili usivifanye kwa wakati mmoja maana mguu ukiuma hutajua nini kimeuma.

Ya kurudia tafuta raba ya kawaida, soli ya wastani, sio lazima ghali na mtumba sio dhambi. Ukiichagua bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa imekauka kama ubao iache hata kama juu inang'aa, iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelala upande mmoja iache, na ukiivaa mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Sasa hiyo "taratibu" ya daktari. Kabla ya hatua moja ya mbio, bonyeza kwa kidole pale palipopasuka, bonyeza kweli, pasiume. Utembee haraka nusu saa siku tatu bila maumivu wakati unatembea wala asubuhi yake. Halafu shika fremu ya mlango wa jikoni, simama mguu wa kulia peke yake, ujiinue kwenye ncha ya vidole ushuke polepole, ukifika mara ishirini bila kuyumba tunaongea. Najua sa hivi utafika sita au saba, hogo la wiki nne linakula kigimbi, pima ukitaka chukua futi ya fundi cherehani uzungushe vigimbi vyote viwili utaona. Fanya kila siku, asubuhi na jioni unaposubiri maji yachemke. Ukishafika ishirini ruka kwa mguu huo mara kumi, pakiwa kimya ndo unaanza.

Unaanzia uwanja wa shule yako, kwenye majani au udongo, sio lami na sio mlima. Dakika moja unakimbia mbili unatembea, mara nane, basi nyumbani. Kesho yake hukimbii, mfupa unajengwa siku ya kupumzika. Ukifanya hivyo mara tatu nne kwa usalama unaongeza kuwa mbili kwa mbili, halafu tatu kwa moja, usiongeze urefu na kasi wiki moja, chagua kimoja. Ndani ya wiki sita hadi nane utakuwa unakimbia nusu saa mfululizo na hapo utakuwa umerudi. Itakuchosha akili sana kwa sababu pumzi itakuwa inakwambia mbona nyepesi hii. Pumzi hairuhusiwi kupiga kura.

Utaumwa, nakuhakikishia, na ujifunze kutofautisha. Maumivu yaliyosambaa kwenye misuli, miguu yote miwili, yanayopungua ukishapasha mwili, hayo ni ya mazoezi. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, juu ya mfupa, yanayoongezeka kadri unavyokimbia au yanakuamsha usiku, unasimama palepale unatembea kurudi, na yakibaki baada ya siku chache unarudi hospitali. Na ukumbuke eksirei wiki mbili tatu za mwanzo inaweza isionyeshe ufa kabisa hata kama upo, hivyo wakisema hakuna kitu na wewe unajua kipo, usikimbie, rudia picha.

Hizo nyembamba zako utaanza kuzivaa ndani ya nyumba, nusu saa ukipika au ukideki, zoezi la unyayo tosha kabisa. Kila wiki ongeza kidogo. Ukishakaa wiki nane unakimbia nusu saa na raba ya kawaida bila tatizo, na siku zako zimerudi, hilo ni sharti silegezi, ndo uzivae dakika tano za mwisho za mazoezi mara moja kwa wiki kwenye majani. Mwezi ukiisha dakika kumi. Mwaka mzima unaweza kuisha ukiwa unazitumia sehemu ndogo tu ya mbio zako na hakuna ubaya wowote, wapo wakimbiaji wazuri sana wanaozitumia hivyo tu, kuimarisha unyayo, mbio ndefu wanavaa kingine.

Moshi, hapana. Samahani mdogo wangu. Wiki zilizobaki hazitoshi hata kama kila kitu kingeenda sawa, na ile nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka halafu inarudi kwa mteremko, na mteremko ndo unaogonga mifupa kuliko yote. Hela uliyolipa imeshalipwa, mguu bado unao. Kuna kilomita tano za kujifurahisha siku hiyohiyo, kama bonyeza ya kidole haiumi nenda ukazitembee na wanao, na mwaka kesho unapanda Mweka.

Na shemeji usigombane nae. Aliona mke wake ameshuka kwenye bodaboda anachechemea, akakuona mwezi mzima na magongo, hofu ile ni ya mtu anayekupenda. Msomee jibu hili lote pamoja na habari ya hedhi, kisha siku ya kwanza ya uwanjani mwombe aje na simu yake, yeye ndo ashike muda, aseme kimbia, aseme tembea. Wanaume wengi waliokuwa hawataki kusikia mbio nimewaona wakigeuka pale, mtu anashika saa wiki mbili, ya tatu kaja na raba zake.

Niandikie Machi. Uniambie kwanza kama siku zako zimerudi na usiku unakula nini, halafu ndo uniambie umefika dakika ngapi.

Kocha